Fundi Aliyepindisha Hedi

Fundi alipima betri kwa ulimi. Mteja akileta redio iliyonyamaza, alifungua kifuniko cha nyuma, akazitoa betri moja moja, akabana waya kwenye kitako cha betri, kisha kichwa cha betri na ncha ya waya akavigusisha ulimini kwa pamoja, amefumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi. Akimaliza alikurudishia betri zako zikiwa bado na mate. "Hii ina moto. Hii imekufa. Hii nayo inaelekea kufa, usiitegemee." Ulizipokea kwa vidole viwili, naye alicheka akikuona unafanya hivyo.

Hedi za redio kaseti, vile vyuma vinavyosoma utepe, alizisafisha vivyo hivyo. Spiriti aliyoletewa na wateja kwa kazi hiyo aliiweka kabatini na sikujua iliishia wapi. Hedi ilipata mate na upindo wa shati. Shati lenyewe lilikuwa na rangi ambayo hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Meza yake ilinuka moshi wa risasi ya kulehemia, ugoro na mbege ya jana, pombe yetu ya ndizi. Bilauri ya mbege haikukosekana kando ya vifaa vyake, na inzi walifia humo. Aliwatoa kwa ncha ya bisibisi, akanywa, na kwa bisibisi ileile akaendelea kufungua redio za watu.

Nilimfahamu kwa zaidi ya miaka arobaini na sikuwahi kutoka kwake bila kutamani kunawa mikono. Naandika habari zake kwa sababu ya dada yangu Aikaeli na kaseti moja. Dada aliandika gemu ya kompyuta dukani kwa Fundi alipokuwa kidato cha pili. Akapewa kaseti yake, akaitunza hadi amestaafu uuguzi, na katika muda huo wote hakuiona gemu hiyo tena hata mara moja. Alitaka kuiona. Alitaka watoto wake, ambao ni watu wazima na wanamjua kama mama wa sindano na vidonge, nao waione. Mtu aliyeweza kuifungua alikuwa mmoja tu, na ndiye huyu.

Duka lake lilikuwa Moshi mjini, chumba kimoja nyuma ya soko. Siku hizo huku bara hakukuwa na kituo chetu cha televisheni. Wenye seti walisimamisha antena ndefu wakashika picha za Kenya zenye chenga. Fundi alikuwa na seti moja, na mbele yake aliweka kompyuta ndogo nyeusi yenye vitufe vya mpira, isiyozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Mwenye kompyuta hiyo alikuwa Mzungu mmoja wa misheni aliyeileta imeharibika. Aliambiwa aje Jumanne. Alikuja Jumanne, akaambiwa Jumanne ijayo. Fundi aliwaambia watu wote Jumanne, miaka yote, na hakuna aliyewahi kumsikia akitaja siku nyingine. Mzungu alikuja na kurudi mpaka siku yake ya kupanda ndege ikafika. Aliondoka Jumatano. Alhamisi kompyuta ilikuwa imepona.

"Alinipa," Fundi alituambia. "Alisema, Fundi, kaa nayo, wewe ndiwe unayeijua."

Gemu zake zilikuwa kwenye kaseti za kawaida, zile tunazorekodia kwaya. Uliweka kaseti kwenye redio kaseti, ukaiunganisha na kompyuta kwa waya, na redio ikapiga kelele kama bati linalokwaruzwa kwa msumari, dakika nne, tano. Kelele hiyo ndiyo gemu yenyewe. Kompyuta ikiisikia yote vizuri, picha inatokea kwenye televisheni. Ikikosa kusikia mahali padogo tu, unaanza upya. Jumamosi mlango wake ulijaa vijana wa mjini na wengine walioshuka kutoka milimani, wote wakingoja kelele iishe.

Sasa niseme juu ya masikio yake, maana nikiyaacha nitakuwa mwongo. Fundi alikuwa na masikio. Angeweza kukaa nyuma amegeuza mgongo, anakwangua kutu kwenye spika, na kaseti ya mtu inalia mbele, ghafla anasema, "Hiyo itaanguka." Inaanguka. Alijua gemu kwa mlio kabla ya picha. "Hiyo ya ndege. Hiyo ya mtu anayeruka mashimo. Na hiyo mmemwibia nani?" Kijana mmoja wa Rau aliwahi kumletea kaseti tano zisizo na maandishi ili amkomeshe. Fundi alizitaja nne bila kugeuka. Ya tano akasema, "Umerekodi juu ya mahubiri ya mchungaji wenu, na mwishoni bado yupo." Walisikiliza hadi mwisho. Gemu ilipoishia, mchungaji alitoka akimalizia baraka.

Mzaha pia aliuweza, na watu walimsamehe mengi kwa ajili hiyo. Mzee mmoja wa Mwika alileta redio iliyokuwa ikinuka. Fundi akaifungua mbele ya watu, akakuta panya amezalia ndani, vitoto vitano, vyekundu, havijafumbua macho. Alivishika kwa mkono mtupu, kimoja kimoja, akamrushia paka wake aliyekuwa chini ya meza. Tulisikia paka akitafuna. "Mzee, redio yako ilikuwa na watangazaji watano," alisema. "Nimewafukuza kazi." Watu walicheka hadi wakashika kuta. Kisha akachukua andazi lake kwa mkono uleule, akalimega, akampa mzee nusu. Mzee alilila. Nililiona hilo na bado linanijia nikiona maandazi.

Wajane hawakulipa kwake. Akija mama aliyefiwa na mumewe, redio yake ilitengenezwa siku hiyohiyo, bure, kwa sababu, alisema, mjane anahitaji kusikia matangazo ya vifo kuliko mtu mwingine. Nilimheshimu kwa hilo hadi nilipogundua kwamba habari za nyumba za wajane, nani anaingia na nani anatoka, zilikuwa zikitokea dukani kwake. Alitengeneza redio, na akingoja risasi ipoe aliuliza maswali. Mama wa watu alijibu kwa shukrani. Jioni mji mzima ulikuwa na habari zake.

Dada alifika pale alipotumwa na baba kuchukua redio yetu. Akaambiwa Jumanne. Wakati anasita mlangoni aliona kitabu cha maelekezo cha ile kompyuta, akaomba akisome. Aliporudi Jumanne aliambiwa Jumanne, akafurahi. Wiki ya tatu alikuwa ameketi kwenye kiti kisicho na mgongo, anaandika mistari ya programu kwa vidole viwili, na vijana nyuma yake wamenuna.

"Huyu anataka nini hapa? Aende akapike mtori, tucheze sisi."

"Mwacheni," Fundi alisema. "Anafikiri. Wewe lini ulifikiri mara ya mwisho?"

Hakumgusa hata siku moja, hakumwambia neno baya, hakumdai chochote. Kwa likizo mbili nzima alimwachia mashine asubuhi zote, na wakati huo hapakuwa na mtu mwingine katika mji ule, mwalimu wala mzazi, ambaye angemwachia msichana mashine ya namna ile. Hayo ni kweli na ndiyo yanayonichosha. Ningependa awe mtu mchafu tu.

Gemu ya dada iliitwa Mfongo. Mfongo ni mfereji wa kumwagilia, ule tuliochimbiwa na wazee kutoka juu mlimani, ambao maji yake hugawanywa kwa zamu. Juu ya skrini kuna chemchemi. Chini yake kuna vihamba saba, yaani mashamba ya nyumbani, kila kimoja na migomba na kahawa yake. Wewe unafungua na kufunga milango ya mfereji ili maji yavifikie vyote kabla jua halijazama. Ni nyepesi kwa macho, lakini vijana wote walishindwa. Walifika kihamba cha tatu au cha nne, majirani wa juu wakaziba maji, gemu ikaisha. Dada alikataa kuwaambia siri yake. Kwenye mstari wa kwanza wa programu aliweka jina la gemu na jina lake, yaliyotokea skrini ikiwaka.

Alipopata nafasi ya chuo cha uuguzi, mbali na nyumbani, alikwenda kuaga na kuomba nakala. Fundi alimwambia, "Nenda kamalize kuaga ndugu zako. Nitakurekodia." Jioni alimkabidhi kaseti. Juu ya karatasi yake Fundi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulalia: Aikaeli, Mfongo.

Baada ya hapo tulisikia kwamba Fundi amealikwa Arusha kuonyesha gemu iliyotungwa Moshi. Alirudi na picha amesimama kati ya watu wenye tai, akaitundika dukani. Watu wakaanza kusema "gemu ya Fundi". Nilimwandikia dada barua. Alinijibu kwa mstari mmoja: watu huita vitu kwa jina la duka, tulia.

Nirudi kwenye hedi, kwa sababu hapo ndipo Fundi alipo mzima.

Ndani ya redio kaseti kuna kipande cha chuma kidogo, ndicho hedi, ambacho utepe hupita ukikisugua. Lazima kisimame wima. Kando yake kuna skrubu ndogo ya kukinyoosha. Kikiinama kidogo, sauti inafifia kama ya mtu anayeongea ndani ya gunia. Lakini kama kaseti imerekodiwa na hedi iliyoinama, itasikika vizuri kwenye hedi iliyoinama vilevile, na kwingineko itafifia.

Kwaya yetu ilirekodi nyimbo zake kwa Fundi. Wanakwaya walizipeleka kaseti nyumbani, na kesho yake kiongozi wa kwaya, mama mnene asiyeogopa mtu, alikuwa mlangoni kwa Fundi.

"Fundi, mbona kwenye kaseti hii tunaimba kama tumefunikwa blanketi?"

"Si kaseti, mama. Sikiliza hapa." Akaiweka kwenye redio yake. Sauti zikatoka safi, soprano hadi besi. "Unaona? Redio yako ndiyo mbovu. Niletee."

"Na ya Mama Mchungaji?"

"Hiyo nayo mbovu. Zote leteni. Jumanne."

Walizileta. Alizitengeneza zote, na kweli kwaya ikasikika. Ila baada ya hapo kaseti kutoka Dar, kutoka Nairobi, kutoka popote, zikawa zinafifia, na Fundi akaeleza kwamba huko siku hizi wanarekodi ovyo. Watu walikubali. Kutoka Rau hadi Mwika kulikuwa na nyumba nyingi zilizoamini kwamba dunia nzima inarekodi vibaya isipokuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Hata sisi tuliamini.

Niliujua ukweli miaka michache iliyopita tu, na ni kwa njia ya gemu. Mimi napenda gemu za zamani. Zipo programu zinazoitwa emuleta, ambazo zinaifanya kompyuta ya leo ijione kuwa ni ile ndogo ya vitufe vya mpira. Unaichezesha kaseti kwenye redio, waya unapeleka kelele kwenye laptopu, na emuleta inasikiliza kama ile mashine ilivyosikiliza. Kaseti nilizonunua kwa watu wengine zilifunguka, si zote, lakini nyingi. Krismasi moja, tumekusanyika nyumbani kwa wazazi Mwika kama kawaida, nilimwonyesha dada gemu ya mtu anayeruka mashimo. Aliicheza kidogo, akacheka, akanirudishia.

"Na yangu?" alisema.

Akaingia chumbani, akatoka na kaseti imefungwa kwenye leso ya uuguzi. Ilikuwa safi kuliko kitu chochote kilichowahi kupita mikononi mwa Fundi.

Nilihangaika nayo nyumbani kwangu Rau kwa siku nyingi. Nilizungusha skrubu ya hedi nywele kwa nywele. Mara mbili emuleta ilisoma jina, MFONGO, kisha ikasema imekosa kusoma, ikasimama. Nilimtafuta mtu anayeuza redio kuukuu pale mjini, nikanunua nyingine. Vilevile. Mwishowe nilikumbuka redio ya baba, iliyokuwa darini Mwika. Hedi yake ilikuwa imeliwa na kutu, haiwezi kusoma kitu. Lakini nilipoifungua niliona kitu chini ya mguu wa kulia wa hedi, kitu ambacho hakuna kiwanda kinachokiweka: kipande cha wembe, kimekatwa kidogo kama punje ya mchele, kimesukumwa pale ili hedi iiname kuliko skrubu inavyoweza kuinamisha.

Nilikaa darini nikikitazama. Redio za kwaya, redio za wajane alizozitengeneza bure, redio ya baba yangu. Alikuwa ametutia wembe sote. Nilijisikia kama mtu aliyegundua kwamba maji ya kisima aliyokunywa tangu utotoni yalikuwa na kitu ndani.

Nilijaribu wembe wangu. Ukiwa mnene kidogo, hedi inaukwangua utepe. Ukiwa mwembamba, haifiki. Niliogopa kuiharibu kaseti, nikaacha. Nikampigia simu binti wa Fundi, ambaye anaishi naye kwenye kihamba chao juu ya Mwika, nikamweleza shida. Nilimsikia akipiga kelele ili baba yake asikie. Kisha akarudi kwenye simu.

"Baba anasema mje Jumanne."

Nilimwambia dada. Alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka.

Tulipofika Jumanne, Fundi alikuwa amekauka. Amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, blanketi magotini, ugoro umekauka juu ya mdomo, kucha za mikono ndefu na za manjano. Redio yake ya zamani haikuwepo tena. Mtu wa vyuma chakavu alikwisha kuichukua. Masikio nayo yalikuwa yamekwisha. Dada alimwamkia shikamoo mara tatu kabla hajaitikia.

"Marahaba! Wewe ndiye yule binti wa vidole viwili."

"Ndiye mimi, Fundi."

"Eeh?"

"Ndiye mimi!"

Binti yake alileta chai na ndizi. Niliweka laptopu na redio kaseti kwenye kistuli. Fundi alivitazama, akamtazama dada, akaingiza mkono chini ya blanketi, akatoa jani la isale.

Kwa asiyetoka huku: isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Ukimkosea mtu, unampelekea jani lake. Akilipokea, jambo limekwisha. Hatalitaja tena, kwako wala kwa mwingine. Na kulikataa si jambo wanalolifanya watu. Anayelikataa ndiye anayebaki na kosa.

"Pokea hili kwanza," alisema. "Ndipo nishike bisibisi."

"La nini, Fundi?" Dada aliinama sikioni kwake. "Nauliza, la nini?"

"La yote. Mtu wa umri wangu atakaa kuyataja moja moja?"

Dada alinitazama. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilifikiri hivyohivyo: anaomba radhi kwa zile hedi, kwa kaseti iliyokaa miaka yote ndani ya leso bila kufunguka. Uso wake ulilainika. Alinyoosha mikono yote miwili kama tulivyofunzwa.

"Nimepokea," alisema.

"Aika mbe," Fundi akanishukuru mimi, kama vile nilikuwa shahidi aliyelipwa. "Haya. Nani ana wembe?"

Niliyoyaona baada ya hapo sitayasahau, na nusu yake ningependa niyasahau. Aliuvunja wembe kwa vidole, vipande vitatu, akachagua kimoja kwa kukipitisha mdomoni. Akakisukuma chini ya hedi ya redio yangu. Kisha, kwa kuwa hasikii, aliuma mpini wa bisibisi kwa meno machache aliyobaki nayo, akaikandamiza ncha yake kwenye spika, akafumba macho. Kelele ya kaseti ilikuwa ikimwingia kwa mfupa wa taya. Kwa mkono akazungusha skrubu kwa bisibisi nyingine. Mate yalimtiririka kwenye mpini, yakashuka kwenye chuma, yakaingia kwenye vitundu vya spika. Binti yake alifuta kidevu chake kwa kanga bila kumsumbua, kama mtu aliyezoea.

"Bado," alisema kwa meno yaliyobana. "Bado. Inaanguka. Inaanguka." Akazungusha tena, kidogo sana. "Hapo. Usiguse mtu."

Dada alirudisha kaseti mwanzo. Mistari ya rangi ikaanza kutetema pembeni mwa skrini. Dakika nne. Kelele ikakatika yenyewe, safi, na skrini ikawaka.

MFONGO, iliandika. Chini yake: IMETUNGWA NA, halafu jina la Fundi, lote, la ubatizo na la ukoo.

Binti yake alisogea akasoma. "Baba! Jina lako hilo!" Alipiga makofi. "Baba ametusimulia gemu hii tangu tukiwa wadogo. Nilidhani ni hadithi za wazee." Akanigeukia akiwa na machozi, akanishukuru.

Nilimtazama dada. Alikuwa bado ameshika lile jani. Kaseti hiyo alipewa mkononi na Fundi, imeandikwa jina lake juu. Ndani yake, kabla hajairekodi, Fundi alikwisha kufuta jina hilo na kuweka la kwake, akijua hakuna redio isiyopita mikononi mwake itakayoisoma kaseti hiyo. Na leo alijua tutakachokiona skrini ikiwaka, akatoa jani kabla.

"Dada," nilisema.

"Nyamaza," alisema, bila ukali.

Akavuta laptopu, akacheza. Alianza na kihamba cha chini kabisa, cha saba, kile ambacho kila mtu hukiacha mwisho. Akafungua mlango mmoja, akafunga miwili, akangoja. Maji yalipita vihamba vyote bila kunywesha hata kimoja mpaka yalipofika chini; ndipo majirani wa juu, mmoja mmoja, wakafungua milango yao wenyewe. Cha sita. Cha tano. Nilimwona anahesabu kwa midomo kama alivyofanya kwenye kile kiti kisicho na mgongo. Jua lilikuwa bado juu ya skrini alipomaliza cha kwanza.

Fundi alikuwa ameleta uso wake karibu na skrini hadi pumzi yake ikaweka ukungu juu ya kioo.

"Kumbe inaanzia chini!" alisema. "Miaka yote hii. Kumbe inaanzia chini." Akamshika dada mkono kwa vidole vyake vyenye mate. "Rudia. Rudia polepole, nijue namna ya kuwaonyesha wageni."

Dada alirudia, polepole.

Tukishuka nilimwambia kwamba kwenye emuleta mstari ule wa jina unabadilishwa kwa dakika moja, na watoto wake hawatajua uliwahi kuwa vingine.

"Usiuguse."

"Alikutega. Ulipokea bila kujua la nini."

"Nilipokea. Uliniona."

"Basi utawaambia nini watoto?"

"Nitawaonyesha gemu. Wataicheza."

Hakusema zaidi, na hadi leo hajasema, wala watoto wake hawajawahi kumsikia akimtaja Fundi kwa ubaya. Waliicheza, wakasoma jina lililo mwanzoni, wakauliza huyo ni nani. Akawaambia ni fundi mmoja wa mjini aliyemwachia mashine yake.

Dada amefungwa na jani alilolipokea. Mimi sikupewa jani. Fundi aliniona mbeba redio, hakufikiri kwamba nami ningehitaji kunyamazishwa. Kwa hiyo nasema: gemu ya Mfongo ilitungwa na Aikaeli, akiwa kidato cha pili, kwa likizo mbili, kwa vidole viwili. Jina la Fundi sikulitaja humu hata mara moja, na kwangu halitatajwa. Alikwisha kuliandika mwenyewe pale alipotaka.